Kambi Yahama, Madhara Yabaki

Mwaka 1996 Marekani na Japani zilikubaliana kwamba kambi ya Futenma, iliyozungukwa na nyumba za raia katika mji wa Ginowan kisiwani Okinawa, irudishwe kwa wenyewe. Lakini palikuwa na sharti: askari na ndege zao wapewe mahali pengine. Pakateuliwa Henoko, kisiwani humo humo, kwa kufukia bahari.

Bahari hiyo ina matumbawe, na majani yake ni malisho ya nguva, mnyama yule yule ambaye wavuvi wetu wa Rufiji na Mafia wanamfahamu, na ambaye huko Okinawa amekaribia kutoweka. Kifusi kilianza kumwagwa Desemba 2018. Februari 2019 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni. Zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura wakakataa. Kazi ikaendelea. Tena sakafu ya Ghuba ya Oura imeonekana kuwa laini mno, hata zikahitajika nguzo zipatazo 70,000 za kuishindilia.

Watetezi wa mradi husema Ginowan itapata usalama. Ni kweli, wala si jambo dogo: mwaka 2004 helikopta iliangukia chuo kikuu jirani na kambi. Lakini ni haki gani hii, ndugu msomaji, inayomtaka mwananchi anunue usalama wa mji wake kwa bahari yake mwenyewe?

Januari 2024, miaka 28 tangu makubaliano, kazi ilianza ndani ya Oura yenyewe. Futenma ilikuwa bado haijarudishwa.