Waliolalamika ndio waliopewa uongozi



Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaanza na manung'uniko. Wakristo wa Yerusalemu waliosema Kiyunani, watu wenye asili ya ughaibuni, walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakuishia kuongeza mikate. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie kazi ile. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Upande ulionyimwa ndio uliokabidhiwa usimamizi.

Nimelikumbuka somo hilo nikifuatilia habari za wahamiaji nchini Marekani. Juni 2025 maofisa wa uhamiaji waliendesha misako mjini Los Angeles, maandamano yakazuka, na Rais Donald Trump akapeleka askari. Julai, Askofu Alberto Rojas wa Jimbo la San Bernardino, huko huko California, aliwaruhusu waamini wanaohofia kukamatwa wasihudhurie Misa ya Dominika. Hebu fikiri: Mkristo anaogopa njia ya kwenda kanisani.

Mjadala mwingi huwahusu wazazi: nani ana kibali, nani hana. Mimi nawawaza watoto. Kijana aliyezaliwa kule ni raia kwa sheria, lakini lugha anayoisikia nyumbani ndiyo inayomfanya atiliwe shaka barabarani. Anajaribiwa kumwonea aibu mama yake, au kuichukia nchi aliyozaliwa. Ipo njia ya tatu, na mji huo huo ulikwisha kuionja.

Mwaka 1963 vijana wa sekondari wenye asili ya Mexico walikusanywa kwa siku chache katika kambi ya Hess Kramer huko Malibu, mali ya sinagogi moja la Kiyahudi. Mikutano hiyo ya kuwalea vijana katika uongozi ikaendelea miaka iliyofuata, na nguzo yake mojawapo akawa mwalimu Sal Castro, ambaye baba yake alirudishwa Mexico wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Wengi wa vijana wale walitoka katika shule za mashariki mwa jiji ambako kusema Kihispania kulileta adhabu, na ambako walielekezwa zaidi kwenye kazi za mikono kuliko chuo kikuu. Kambini walisikia historia ya watu wao bila kejeli. Kisha wakaanza kuulizana: shule zetu zikoje, na sisi tutafanya nini?

Jibu lilionekana Machi 1968. Maelfu ya wanafunzi walitoka madarasani na kudai walimu wa asili yao, masomo kwa lugha mbili, historia ya Mexico vitabuni na majengo yanayofaa. Sehemu ya maandalizi ilifanyika katika Kanisa la Epifania la ndugu zetu Waanglikana. Castro na wenzake 12 walishtakiwa kwa kula njama. Mashtaka yale yalitupwa na mahakama mwaka 1970. Mmoja wa vijana wale, Vickie Castro, baadaye alichaguliwa kuingia katika bodi ya elimu ya jiji, bodi ile ile waliyoipelekea madai yao.

Hapa pana fundisho. Utamaduni peke yake waweza kubaki ngoma ya kupokelea wageni. Uongozi peke yake waweza kuwa ngazi ya kijana kukimbilia mbali na kwao. Vikiunganishwa, vinamzaa mtu anayejua alikotoka na anayeweza kusema kwa niaba ya wenzake. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Christus Vivit wa mwaka 2019, aliwasihi vijana wasikubali kung'olewa mizizi.

Kanisa letu nalo liliguswa. Mkesha wa Noeli 1969, vijana Wakatoliki wa asili ya Mexico waliandamana katika kanisa jipya la Mtakatifu Basili, lililogharimu mamilioni ya dola, wakisema maskini wao wamesahauliwa. Watu walikamatwa usiku ule. Lakini sauti ile ilikuwa ya watoto wa nyumbani, kama ile ya Yerusalemu. Tarehe 5 Mei 1970, huko Texas, Patricio Flores, mtoto wa vibarua wa mashambani, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mmarekani wa asili ya Mexico. Sidai kwamba maandamano ya Los Angeles ndiyo yaliyomleta. Nasema tu kwamba watu walikuwa wamengoja kwa muda mrefu mno.

Nasi tusiyatazame haya kama sinema ya mbali. Shuleni kwetu pia watoto wamevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, wengi wakiwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hilo lilikuwa tendo kubwa la ukarimu. Lakini cheti cha uraia hakimfundishi jirani kuacha kumwita mwenzake "mkimbizi".

Basi tujiulize parokiani. Vijana wa familia zilizohamia kwetu, iwe kutoka ng'ambo ya mpaka au mkoa mwingine, tunawaona wapi? Kwenye kwaya na kufagia kanisa tu, au pia katika uongozi wa VIWAWA na Halmashauri ya Walei? Wakilalamika, tunawaona watovu wa shukrani, au tunawauliza nani kati yao anafaa kusimamia? Kumpa mgeni sahani ni huruma. Kumpa na ufunguo wa ghala ni imani.

Msisahau mwisho wa habari ya wale saba. Filipo, aliyechaguliwa kuhudumia meza, ndiye aliyekutana na Mwethiopia katika barabara ya Gaza, akamfafanulia Isaya na kumbatiza. Habari Njema ilimfikia mtu wa bara letu kwa mkono wa mmoja aliyetoka upande wa walionung'unika.