Buluu ya Maabara na Wajibu wa Mwanaisimu

Wapo wasomi wa Kiswahili wanaoshikilia kwamba istilahi za kemia ni kazi ya wanakemia peke yao. Dai hilo halina mashiko, na anayelikubali na azuru mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika. Udongo mwekundu wa huko una chuma na alumini kwa wingi, navyo huishikilia fosfati hata mizizi ikaikosa. Hiyo ni sababu mojawapo ya majani ya kahawa kupelekwa maabara, na Ruiru ndiko iliko Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, chimbuko la aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985.

Kipimo chenyewe ni cha rangi. Kiowevu kilichopatikana kutokana na jani lililosagwa hutiwa asidi na molibdeti ya amonia, kisha asidi askobiki, yaani vitamini C. Fosfati ikiwamo, mchanganyiko hugeuka buluu. Fiske na SubbaRow walitangaza mbinu ya jamii hii mwaka 1925. Murphy na Riley wakatangaza yao, inayotumia vitamini C, mwaka 1962. Buluu ikikolea, fosfati ni nyingi. Ikififia, ni haba. Hapa Kiswahili hakina cha kuazima: kukolea kwa rangi na ukolezi wa myeyusho ni shina moja, na mwanafunzi huinusa kanuni kabla ya kuonyeshwa mlinganyo. Kiingereza hakikujaliwa bahati hiyo.

Hata hivyo, mwanaisimu asishangilie mapema. Tishu hai zina misombo ya fosfati isiyo thabiti, ambayo huvunjika katika asidi ileile ya kipimo na kuachilia fosfati ambayo haikuwa huru jani lilipokuwa mtini. Rangi hukolea, nayo hudanganya. Lowry na Lopez walilikabili tatizo hili mwaka 1946 kwa kupunguza ukali wa asidi. Jani likichomwa kwanza likawa majivu, hiyo ni habari nyingine: fosforasi yote hugeuka fosfati, na kinachopimwa ni jumla. Basi fosfati huru, fosfati iliyofungwa na fosforasi yote ni vitu vitatu. Kuvibandika jina moja ni kumkabidhi mkulima tarakimu isiyosema lolote.

Gunia la mbolea ya DAP lina mtego uo huo. Limeandikwa 18-46-0, lakini 46 hiyo ni asilimia inayohesabiwa kama oksidi. Fosforasi yenyewe ni takriban 20.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Vitendeakazi vipo. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Thika au Ruiru hana haja ya kwenda mbali kutafuta mada ya tasnifu: achukue karatasi moja ya matokeo ya majani, aifasiri bega kwa bega na mwanakemia, kisha amsomee mkulima na kusikiliza atauliza nini.