Kazi za Mikono: Fundi Bigsby na Gitaa la Merle Travis

Fundi akiagizwa kiti hana haja ya kuuliza mengi, kwa maana viti amekwisha kuviona. Lakini mteja akimletea karatasi yenye mchoro wa kitu ambacho fundi hajapata kukiona, hapo ndipo ufundi unapopimwa. Ndiyo yaliyompata Paul Bigsby wa mji wa Downey, California, katika Marekani, mwaka 1948.

Bigsby alizaliwa mwaka 1899. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya magitaa. Alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki, tena fundi wa kuchonga mifano ya mbao, ile inayotumiwa kufanyia kalibu za kumiminia chuma. Kazi hiyo haikubali makisio: mfano ukipotoka kidogo, chombo chote kimeharibika. Nadhani shule hiyo ilimfaa kuliko kama angalilelewa katika karakana ya vinanda.

Mteja wake, Merle Travis, alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky, mpiga gitaa mwenye sifa, ambaye dole gumba lake lilipiga sauti nene huku kidole cha shahada kikipiga wimbo. Kwanza alimletea Bigsby gitaa lenye mkono wa kutikisa sauti, akalalamika kwamba kila akiutumia, nyuzi zinapoteza sauti yake ya haki. Bigsby alijaribu kukitengeneza kile kibovu, asifaulu. Aliunda kingine cha namna yake, na chombo hicho kingali kinaitwa kwa jina lake hata leo. Travis akapata moyo, akamchorea gitaa zima.

Alitaka nini? Magitaa mengi ya umeme ya siku zile yalikuwa na tumbo tupu. Tumbo hilo hutetemeka pamoja na nyuzi, na sauti kubwa inayotoka katika kipaza sauti hulitetemesha zaidi, hata gitaa likaanza kulia lenyewe kwa mlio mbaya. Tena sauti ya uzi hufifia upesi, kwa kuwa nguvu yake hupotea tumboni. Travis alijua jinsi sauti ya gitaa la kulazwa magotini, lenye mwili mgumu, inavyodumu. Akataka la kushikwa kifuani lenye sauti ya namna hiyo, jembamba, na funguo zote sita za kukazia nyuzi ziwe upande mmoja wa kichwa.

Sasa fikirini kazi yenyewe. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi, usiku na mchana. Kwa hiyo Bigsby alifanya shingo na kiini cha mwili kuwa ubao mmoja, unaopita tangu kichwani hata mwisho, asiache kiungo cha kulegea pale shingo inapokutana na mwili. Mti wake ulikuwa mepo, wa aina yenye madoa kama macho ya ndege.

Halafu kuna vijiti vya madini vinavyopandwa shingoni. Uzi ukiwa na urefu wa milimita 650, kijiti cha kwanza hukaa milimita 36 na nusu kutoka mwanzo wa uzi, na cha 12 hukaa katikati kabisa, kwenye 325. Ninyi wanafunzi jaribuni hesabu hii: kila mara gawanyeni urefu uliobaki kwa 17.8, mtapata nafasi ya kijiti kinachofuata. Kijiti kikikosa mahali pake kwa milimita moja, sikio litakishitaki.

Chini ya nyuzi hukaa sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Shaba ninyi wa Katanga mnaijua. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huamsha umeme hafifu katika waya, nao hupelekwa kukuzwa. Hata sehemu hiyo Bigsby aliifanya mwenyewe.

Baadaye ulizuka ugomvi. Mwaka 1950 Leo Fender alianza kuuza magitaa ya kiwandani yenye mwili mgumu na funguo sita upande mmoja. Travis alidai kwamba Fender aliwahi kuliazima gitaa lake; Fender hakukubali kwamba aliiga. Mimi siwezi kuwa hakimu wao, lakini funguo za upande mmoja zilikuwako tangu karne ya 19 katika magitaa ya Stauffer, fundi wa Vienna. Hata hivyo, kuona jambo la kale si sawa na kuliunganisha na mwili mgumu, sumaku na shingo isiyo na kiungo.

Viwanda vikatoa magitaa kwa maelfu. Bigsby aliendelea kutengeneza moja moja kwa mkono, kila moja kwa mtu aliyeliagiza, na wateja walikubali kungoja zamu yao. Alifariki mwaka 1968, na Travis mwaka 1983. Gitaa lenyewe limehifadhiwa Nashville, katika jumba la makumbusho ya muziki wa kantri.