Taka za elektroniki: aliyeuza naye awajibike

Barua nyingi zinazoletwa kwenye ukurasa huu juu ya usafi wa miji huzungumzia mifereji iliyoziba, masoko machafu na magari ya taka yasiyofika kwa wakati. Malalamiko hayo ni ya haki. Leo lakini tunapenda kuwakumbusha wananchi juu ya taka za namna nyingine, ambazo hazinuki wala hazivuti nzi, na kwa sababu hiyo hakuna anayezilalamikia. Nazo ni redio, televisheni, simu, kompyuta, majokofu na betri ambazo zimekwisha kufa.

Tuchukue mfano wa televisheni. Tarehe 31 Desemba, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Wananchi walinunua ving'amuzi, na kadiri miaka ilivyopita wengi wakanunua na televisheni bapa. Yale makasha mazito ya zamani yenye mgongo yalikwenda wapi? Mengine yangali stoo, yamefunikwa kwa kitambaa kama vile yatafufuka siku moja. Mengine yalitupwa. Kioo cha televisheni ya aina ile kina madini ya risasi, yaliyowekwa makusudi kumkinga mtazamaji na mionzi, na katika kasha moja risasi hiyo yaweza kufika kilo moja na zaidi. Kioo kikivunjwa jaani, risasi haiozi. Hubaki pale pale kwenye udongo ambao watoto wanauchezea.

Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia zote zisifanye kazi nchini. Hatua ile ilikuwa ya lazima. Lakini aliyeziingiza simu zile alikuwa amekwisha kutia faida yake mfukoni, na aliyebaki na mzoga mkononi ni mnunuzi, ambaye hakuwa na pa kuupeleka ila kwenye pipa la taka pamoja na maganda ya ndizi.

Yupo mtu mmoja ambaye taka hizi zinamfikia hatimaye, naye ni kijana anayekusanya chuma chakavu. Kijana huyu anajua kwamba ndani ya waya mna shaba, na kwamba shaba ina mnunuzi. Njia rahisi ya kuitoa ni kuchoma. Anarundika nyaya, anaziwasha, plastiki inaungua, moshi mweusi unapanda, na baada ya dakika chache anachambua shaba yake kwenye majivu kwa mikono mitupu. Moshi ule una sumu iitwayo dioksini, ambayo huweza kuleta saratani, na hauchagui wa kumwingia. Unampata yeye, unampata mama anayekaanga mihogo jirani, na unampata mtoto aliyebebwa mgongoni. Si haki kumkamata kijana huyu na kusema kwamba tumemaliza kazi. Yeye ni mtu wa mwisho katika safari ndefu ambayo wote waliomtangulia walikwisha kupata chao.

Gharama ya uzembe wa namna hii si jambo la kubuni. Mjini Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi kwa wakazi, hata kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu mlango wa kiwanda ufungwe. Risasi iliyokwisha kuingia katika damu ya mtoto haikungoja hukumu.

Kwa hiyo swali letu ni hili: nani alipe gharama ya kukizika chombo kilichokufa? Katika nchi za Umoja wa Ulaya swali hilo lilijibiwa kwa sheria tangu mwaka 2003. Mtengenezaji na mwagizaji ndio wanaogharamia ukusanyaji na uchambuzi wa vyombo walivyouza. Kenya nayo imeutia wajibu huo katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Tanzania ina Kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021. Tunawaomba wahusika waoneshe meno ya Kanuni hizo, si kwa mchomaji wa nyaya peke yake, bali kwanza kwa yule mwenye kontena bandarini. Kampuni inayoweza kuipokea simu kuukuu huko Ulaya haiwezi kutuambia kwamba hapa kwetu jambo hilo ni gumu.

Mtengenezaji ana deni jingine pia. Fundi redio wetu wa mtaani amefanya kazi ya kupunguza taka hizi kwa miaka mingi bila kupongezwa na mtu. Redio ilikufa mara tano, na mara tano akaifufua kwa chuma cha kulehemu na kipande alichokitoa katika redio nyingine. Siku hizi analetewa simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi na vipuri vyake havipatikani. Chombo kinachotengenezwa kwa namna hiyo kimekwisha kuwa taka tangu siku kilipotoka kiwandani.

Na sisi watumiaji tusijitoe. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na chini ya robo ndiyo inayojulikana kukusanywa na kuchambuliwa kwa utaratibu unaofaa. Wengine wetu tunabadili simu nzima kwa sababu tu mwenzetu amenunua mpya. Betri tunawapa watoto wazichezee, taa za mirija tunazivunja uani na zebaki iliyomo inaruka. Maofisi ya umma nayo yamejaa kompyuta mbovu zinazongoja kufutwa vitabuni mwaka hadi mwaka.

Lakini mwananchi akiambiwa asitupe, ni lazima aoneshwe mahali pa kupeleka. Mtu wa Sumbawanga au Masasi hatasafiri na redio mbovu hadi Dar es Salaam. Duka lililomuuzia liko karibu naye. Kila duka la simu, kuanzia Kariakoo hadi wilayani, lina nafasi ya kuweka bango la kampuni mlangoni. Sanduku la kupokea simu na betri zilizokufa halihitaji nafasi kubwa kuliko bango hilo, na wenye mabango hayo wanajulikana.