Mzee mwenye goti bovu asiambiwe akae tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi, na hata baadhi ya waganga wetu, wanalichukulia kuwa dogo. Nalo ni ugonjwa wa magoti kwa wazee.

Ilivyo desturi yetu, mzee akilalamika goti huambiwa mambo mawili: kwamba huo ni uzee, na kwamba apumzike. Basi anawekewa kiti barazani, maji analetewa, sokoni anatumwa mjukuu, shambani hakanyagi tena, na hata ibada anafanyia nyumbani. Tunafanya hivyo kwa mapenzi na kwa heshima. Lakini mimi nasema kwamba heshima ya namna hiyo inaweza kuwapunguzia wazee wetu siku za kuishi.

Ugonjwa wenyewe wataalamu huuita ostioathraitisi. Mitaani tunasema goti limekauka mafuta, au tunauita baridi yabisi, ingawa madaktari hutenganisha maradhi hayo mawili. Gegedu inayofunika ncha za mifupa ili isisagane inalika, mfupa ulio chini yake unabadilika na kuota vinundu, goti linavimba na kukakamaa, na mtu anasikia maumivu akiinuka au akipanda ngazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kati yao milioni 365 walikuwa nao gotini. Kiasi cha asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake. Tukumbuke pia kwamba kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito ni miongoni mwa mambo yanayoliharibu goti, pamoja na unene, ajali za zamani na urithi. Nani asiyejua ni akina nani waliobeba kuni na ndoo za maji katika nchi hii?

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mwaka 2011 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti juu ya wagonjwa 1,163 wa magoti na nyonga wa kusini-magharibi ya nchi hiyo, waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba vifo miongoni mwao vilizidi vya watu wengine wa umri wao kwa asilimia 55, na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu vilizidi kwa asilimia 71. Na kadiri mgonjwa alivyoshindwa kutembea ndivyo hatari ilivyozidi. Si kila utafiti uliofuata umepata tofauti kubwa namna hiyo, wala hakuna aliyesema kwamba goti lenyewe linaua. Kinachotisha ni kule kutotembea.

Jambo hili halihitaji shahada kulielewa. Mtu asiyetembea anaongezeka uzito, sukari na shinikizo la damu vinapanda, na moyo unachoka upesi. Msuli wa paja, ambao ndio nguzo ya goti, unasinyaa. Ukisinyaa, goti linauma zaidi, na mzee anazidi kukaa. Siku akilazimika kuinuka haraka, anaanguka na kuvunjika nyonga, na wengi tunajua jinsi safari ile inavyokwisha.

Halafu kuna suala la vidonge. Mtaani kwetu yupo mzee aliyekuwa akinunua diklofenaki dukani kila wiki, miezi na miezi, bila cheti na bila kuulizwa kama ana shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Alikuwa na shinikizo. Dawa za jamii hiyo hutuliza maumivu, sikatai, na daktari akiona zinafaa atazitoa kwa kipimo na kwa muda. Lakini zikimezwa kama karanga huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kuuongezea moyo mzigo. Muuza dawa asiyeuliza swali hata moja anafanya biashara tu, hatibu.

Tiba ya kwanza ya goti haiuzwi dukani. Ni mazoezi. Mzee akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie huku akihesabu hadi tano, aushushe polepole. Arudie mara kumi, kisha mguu wa pili. Atembee kila siku kwa kadiri awezavyo, hata kama ni hadi kwa jirani na kurudi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibika, ila yakizidi na kudumu hadi kesho yake apunguze. Mwenye uzito mkubwa aupunguze: watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Na mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa goti zima. Wengi tunaushika upande wa goti bovu, na ndiyo maana hausaidii kitu. Goti likiisha kabisa, lipo la bandia, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili hufanya upasuaji huo, lakini wangapi watafika huko?

Nigusie na vyoo, ijapokuwa wengine wataona si jambo la gazetini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kuchimba vyoo, na ilifanya kazi kubwa. Lakini choo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa bibi mwenye magoti mabovu. Nimewaona wanaoacha kunywa maji mchana kutwa ili wasiende chooni. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa nusu siku. Hali kadhalika mabasi yetu, ambayo ngazi ya kwanza hufika magotini na kondakta anapiga kelele mzee afanye haraka. Na zipo ofisi ambazo mstaafu hutakiwa kupanda ghorofa mbili kufuatilia haki yake, wakati karani angeweza kushuka.

Wapo watakaosema nchi yenye malaria na kifua kikuu haina wakati wa kuzungumzia magoti. Lakini mazoezi niliyoyataja hayahitaji fedha za kigeni wala mashine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia matibabu ya wazee. Naomba Wizara ya Afya iwaagize waganga wa zahanati wawafundishe wazee mazoezi hayo siku wanapokuja kupima shinikizo la damu, palepale kwenye benchi wanapongojea zamu. Redio nayo itenge robo saa kila asubuhi, mtangazaji ahesabu na wazee wanyooshe miguu majumbani mwao.

Msomaji wako,
Morogoro