Saa nane ao saa mbili?

Leo tunataka kusema kidogo juu ya saa. Si saa ya mkononi, hapana. Ni namna ya kuhesabu saa, maana kwetu Bukavu mtu anaishi na hesabu mbili kwa siku moja. Darasani tunasema 8 heures. Nyumbani mama anasema saa mbili ya asubui. Dakika ni ileile, na jua ni lilelile. Sisi hatuoni shida, kwa sababu tulikomaa na hesabu zote mbili. Kumbe shida iko, na wanaoibeba ni wazazi.

Barua za mkutano wa wazazi zilitoka kwa Kifaransa kama desturi: siku ya posho, 8 h 00. Mama moja hajui Kifaransa, akampa mtoto wake mdogo wa shule ya msingi amsomee. Mtoto akaona 8, akasema: "Mama, ni saa munane." Alisoma namba vizuri, lakini hakusoma saa. Basi mama akauza kwanza sombe yake sokoni, akaoga, akavaa kikwembe kizuri, akapanda mlima kwa miguu, akafika hapa saa nane kamili. Mlango umefungwa. Mlinzi akamwambia: "Mama, mukutano ilisha tangu asubui." Naye akajibu: "Lakini si muliandika saa munane?"

Wenzetu waliokuwa wanafua nguo pale kwenye robine walicheka sana. Jioni jina likazunguka vyumba vyote vya interna: "mama ya saa munane". Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko kicheko. Katika mkutano ule wazazi walipewa ruhusa ya kuomba kulipa feza ya masomo kidogo kidogo. Yeye hakuwapo, hakuomba, na siku ya kwanza mtoto wake, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akarudishwa nyumbani pamoja na wale wasiolipa. Siku nne za masomo zikapotea juu ya namba moja.

Tunasema wazi: mama hakukosa, na hesabu yake si ya ujinga. Inaanza fasi jua linapotoka. Sisi tuko karibu na mstari wa Ekweta, na mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima; tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki nusu saa. Kwa hiyo mtu akiamka na jua, anajua hesabu yake imeanza. Huko Paris hawawezi kufanya hivyo, maana mwezi wa sita mchana unafika saa kumi na sita, na mwezi wa kumi na mbili unabaki kama saa nane tu. Kila inchi inahesabu kwa jua lake.

Tena, fungueni Matayo sura ya 20. Mwenye shamba anatoka kutafuta wafanyakazi saa tatu, saa sita, saa kenda, hata saa kumi na moja. Mwenye kusoma Kifaransa anakuta "la troisième heure" na anahitaji mwalimu amweleze kwamba ni 9 h. Katika darasa letu mmoja alidhani Petro, kwenye Matendo 2:15, anasema ni saa tatu ya usiku! Mama yule akisikia saa tatu haulizi mtu. Anajua ni asubui, wakati jua halijawa kali, na anaelewa mara moja kwa nini Petro anasema watu hawajalewa.

Wengine watatujibu: wazazi wajifunze saa ya Serikali. Tuwaulize, Serikali ya wapi? Kinshasa ikiwa 19 h, hapa Bukavu ni 20 h, katika inchi ileile moja. Redio ikitangaza saa ya Kinshasa, kila mtu wa hapa anaongeza moja kichwani na hakuna anayemcheka mwenzake. Tena mama huyo huyo akitazama saa ya ukutani, mshale uko kwa 8, anasema saa mbili bila kusitasita. Kosa halikutoka kwa saa, lilitoka kwa karatasi.

Tumeomba ofisi iongeze kwenye kila barua, pembeni ya 8 h 00, maneno haya: saa mbili ya asubui. Tuliambiwa kwamba fasi ni ndogo kwenye stensili. Maneno ni manne tu! Kama hayataongezwa, sisi wa mwaka wa sita tutayaandika kwa biki, barua moja moja, mbele ya kuzigawa. Wenye mwandiko mzuri wa madarasa yote waje kutusaidia. Na yule atakayesikiwa tena akisema "mama ya saa munane", majina ya wafagiaji wa choo yanaandikwa na sisi, asisahau.

Kazi itakuwa siku ya tano, katika chumba cha kulia, saa kumi na moja ya jioni, ni kusema 17 h 00.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita