Kabla hamjaitupa laptopu ya Bi Mkubwa

Ijumaa tatu mfululizo mama yangu, anayeishi nasi hapa Seeb, alikuwa akikatikiwa na mazungumzo na mdogo wake aliyeko Unguja. Anafungua laptopu yake baada ya chakula cha mchana, sura inatokea, salamu zinaanza, wanaulizana hali za watoto, mara sura inaganda mdomo wazi, kisha kimya. Ijumaa ya nne khaloo hakupokea. Baadaye ndipo tulipojua kuwa alidhani anakatiwa makusudi, maana kila akianza kutaja nyumba ya urithi simu inakufa. Watu wawili waliokwishapita miaka sabini nusura wanuniane kwa sababu ya ukuta.

Nasema ukuta kwa kuwa ndio uliokuwa na makosa, lakini nyumba nzima ilikwishatoa hukumu nyengine. Mwanangu alisema kompyuta imezeeka, itupwe. Mke wangu alisema kampuni inatuibia. Mimi, mwenye kulipa, nikasema tupandishe kifurushi. Tukakipandisha, tukalipa zaidi mwezi mzima, na simu ikaendelea kukatika vile vile.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na wenzangu. Sisi watu wa huku Ghuba tumezoea kutibu kila kitu kwa kununua. Kitu kikisumbua, twende dukani. Lakini intaneti ya nyumbani ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kompyuta mpaka kwenye ruta, lile boksi lenye taa. Ya pili ni kutoka kwenye ruta kwenda nje. Kifurushi unachokilipia ni cha safari ya pili. Safari ya kwanza imo ndani ya nyumba yako mwenyewe, na ikiwa mbovu, ukinunua kifurushi cha mfalme hutaona tofauti yoyote.

Kujua ni safari ipi iliyoharibika hakuhitaji fundi. Chukua waya wa mtandao (mara nyingi mmoja huja pamoja na ruta, nasi huuacha ndani ya boksi na nailoni yake), chomeka ncha moja kwenye ruta na ya pili kwenye kompyuta, zima waifai, kisha piga simu ya video ya nusu saa. Na hapa kizee kinamshinda kijana: laptopu nyingi za zamani zina tundu la waya huo, wakati nyingi nyembamba za siku hizi hazinalo. Ikikatika hata kwa waya, na simu ya mkononi iliyo karibu na ruta nayo inakwama wakati huo huo, hapo una haki ya kugombana na kampuni. Andika saa na siku ilipokatika, siku tatu nne, ndio uwapigie. Isipokatika, waache, kosa liko kwako.

Yetu haikukatika hata mara moja.

Basi nikaanza kuitazama nyumba. Ruta ilikuwa majlisi, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu taa zake zinaudhi macho. Chumba cha mama kiko mwisho wa ukumbi. Baina yao kuna kuta mbili za zege lenye nondo, na jiko. Laptopu yake ni ya miaka ya 2012 hivi, na waifai yake inajua njia moja tu, ile ya gigahezi 2.4. Njia hiyo inapenya kuta vizuri kuliko ile ya 5, lakini imejaa watu kama soko la Darajani asubuhi: ruta za majirani wote, vifaa vya Bluetooth, na maikrowevu pia inafanya kazi papo hapo. Sasa fikiria, Ijumaa mchana, wageni wanaingia kwa zamu, biriani inapashwa moto kila dakika kumi, na maikrowevu iko katikati ya mama na ruta. Kumbe khaloo alikuwa na haki ya kuona kuwa saa ile ile ndiyo anayokatwa.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko mjadala wake. Kuitoa ruta majlisi kulizua kesi, kwa kuwa mwanangu ameunganisha gemu yake hapo. Nikamuuliza: intaneti ya nyumba hii ni ya nani? Nyumba nyingi nizijuazo boksi huwekwa penye televisheni na vijana, na mzee anabakishiwa makombo ya mwisho wa ukumbi, kisha tunamwambia kompyuta yako mbovu. Mwisho tulisuluhishana. Ruta ikapanda juu ya rafu ukumbini, kitambaa kikaondoka, na waya mrefu ukapita chini ya ukuta mpaka kwenye meza ya mama. Waya wa namna hiyo unaweza kufika mita 100, wetu haukufika hata 20. Mama analalamika kuwa rangi yake haiendi na zulia.

Kwa asiyetaka waya, kuna adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB, inayoipa laptopu ya zamani njia ya gigahezi 5. Hiyo inafaa ikiwa ruta iko chumba cha jirani, si kuta tatu mbali. Na kama umebadilisha ruta na kompyuta ikagoma kabisa kuingia, tazama aina ya ulinzi: mashine za zamani nyingi hazifahamu WPA3, lakini WPA2 wanaielewa. Ukiona kila ukurasa unasema si salama, tazama saa ya kompyuta kabla ya kumlaumu mtu. Kibetri kidogo cha ndani kikifa, tarehe inarudi nyuma miaka, na mitandao inakataa kukufungulia. Na katika baadhi ya nchi zetu hizi simu za programu fulani zimezuiwa, hapo hakuna kilichoharibika wala cha kutengeneza.

Atakuja mtu aniambie kompyuta kuukuu ni hatari. Kweli. Windows 7 iliachwa bila ulinzi mpya tangu Januari 2020, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana mambo ya benki mama hayafanyi humo, na kijana wangu ameahidi kumwekea Linux, ambayo hainunuliwi. Ahadi hiyo ina wiki tatu sasa. Lakini hatari ya wezi wa mtandao na simu inayokatika ni maradhi mawili mbalimbali. Mashine mpya ingekaa chumba kile kile, nyuma ya jiko lile lile.

Khaloo tulimpigia kwa simu ya kawaida, tukamweleza habari ya maikrowevu. Hakuamini sana. Ijumaa iliyopita walizungumza saa nzima na robo, wakagombana juu ya ile nyumba mpaka wakachoka, na sura haikuganda hata mara moja.